Karatasi Zilizomtoa Waziri Nje



Kila tunapokutana Mhariri hutaka makala moja ya historia, na safari hii zamu imeniangukia mimi. Nimechagua jambo ambalo kwa mbali laonekana kavu kama ukoko wa ugali: namna hoja zinavyotolewa na shughuli za kila siku zinavyoendeshwa katika Baraza la Juu la bunge la jimbo moja la Australia, yaani New South Wales, ambalo mji wake mkuu ni Sydney. Nawaomba msikimbilie kwanza kurasa za picha za mpira. Ndani ya ukoko huu mna chakula.

Nianze na kisa chetu wenyewe. Wale wa rika langu wanakumbuka Jumamosi jioni katika ukumbi wa chakula, meza zimesogezwa ukutani, Chama cha Midahalo kikikutana. Tulipenda sana kupiga kelele za "Hoja ya utaratibu, Mheshimiwa Mwenyekiti!" hata pale ambapo hapakuwa na utaratibu wowote uliovunjwa. Ilikuwa miaka ya shida ya sukari, na uji wetu wa asubuhi ulikuwa umeanza kuwa na ladha ya maji ya mto. Maneno yalienea mabwenini kwamba kiranja wa chakula anaiuza sukari mjini. Basi jioni moja mtoto wa kidato cha pili, mfupi hata tulimwona kichwa tu juu ya meza, alisimama akasema: "Natoa hoja kwamba daftari la sukari la muhula huu liletwe mezani, lisomwe mbele ya wote." Ukumbi ulicheka mpaka ukachoka. Mwalimu mlezi hakucheka. Aliuliza swali moja tu: "Yupo anayeunga mkono?"

Tutarudi kwenye daftari hilo mwishoni. Sasa twende Sydney.

KANZU MOJA, MAKOLONI MENGI

Wazee wetu walilifahamu jina la LEGCO, yaani Baraza la Kutunga Sheria. Kenya ilipata lake mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1926. Katika lile la Tanganyika Waafrika wa kwanza, Chifu Kidaha Makwaia na Chifu Abdiel Shangali, hawakuingia mpaka mwaka 1945. Waingereza walikuwa na desturi ya kushona kanzu moja na kuyavika makoloni yao mengi, bila kupima mabega ya mvaaji.

New South Wales ilivishwa kanzu hiyo mapema zaidi. Sheria ya Bunge la Uingereza ya mwaka 1823 iliunda huko Baraza la Kutunga Sheria, nalo likakutana mara ya kwanza tarehe 25 Agosti 1824. Wajumbe walikuwa watano, wote maofisa wa serikali, na ni Gavana peke yake aliyeweza kuleta muswada. Mwaka 1843 wajumbe walifika 36, na 24 kati yao walichaguliwa na wenye mali. Mwaka 1856 koloni hilo lilipata serikali inayowajibika kwa bunge lenye mabaraza mawili. La Chini lilichaguliwa na wananchi. La Juu, lililobaki na jina la zamani la Baraza la Kutunga Sheria, liliteuliwa na Gavana. Mwaka 1901 makoloni sita yalipoungana kuwa nchi ya Australia, New South Wales ikawa jimbo, na mabaraza yake mawili yakabaki kama yalivyokuwa.

Kwetu mambo yalikwenda vingine. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na Bunge la nyumba moja, na Tanzania imebaki hivyo. Kenya ilianza mwaka 1963 ikiwa na Seneti ya wajumbe 41. Seneti hiyo ikaunganishwa na Baraza la Wawakilishi mwishoni mwa mwaka 1966, na haikurudi mpaka mwaka 2013, baada ya katiba ya 2010. Kwa hiyo swali la kama taifa au jimbo linahitaji baraza la pili si geni kwetu. Ndugu zetu wa Kenya wamelijibu kwa namna mbili katika umri wa mtu mmoja.

Hata ukumbi wenyewe una historia ya kuchekesha. Bunge hilo liko katika barabara ya Macquarie, ndani ya jengo lililokuwa sehemu ya hospitali iliyojengwa kati ya 1811 na 1816. Wajenzi wa hospitali hawakulipwa fedha taslimu, bali ruhusa ya kuingiza pombe kali ya ramu. Baraza la Juu lilipohitaji mahali pa kukaa mwaka 1856, lilinunuliwa jengo la chuma lililotengenezwa Scotland na kuletwa vipande vipande kwa meli, na mbao za masanduku yaliyobeba vyuma hivyo zikatumika kupigilia kuta kwa ndani. Mabwana wakubwa wa koloni walijadili sheria wakiwa wamezungukwa na mbao za masanduku.

SIKU MOJA BARAZANI

Sasa tuingie ndani tutazame shughuli za siku. Mkuu wa kikao huitwa Rais wa Baraza. Asidhaniwe kuwa ni mkuu wa nchi, kwani kazi yake ni ile ya Spika. Viti ni vyekundu, kwa desturi iliyotoka Uingereza, na vile vya Baraza la Chini ni vya kijani. Yupo ofisa anayeitwa Mshika Fimbo Nyeusi, ambaye hulinda nidhamu ya ukumbi na kutekeleza amri za Baraza. Yupo pia Katibu, ambaye mbele yake hupita karatasi zote. Msimsahau huyu Katibu.

Rais akiingia, dua husomwa, kisha shughuli huanza kwa mpangilio uliochapishwa. Mjumbe anayetaka jambo hawezi kuliibua ghafla kama mtu aliyeota ndoto. Hana budi kutoa taarifa ya hoja, ambayo Katibu huiandika katika karatasi ya shughuli ili kila mmoja ajue nini kinakuja. Siku yake ikifika, mjumbe husimama na kutoa hoja, Rais huiweka mbele ya Baraza, mjadala hufunguka, marekebisho huletwa, na mwisho mtoa hoja hupewa nafasi ya kujibu. Hoja ambayo haina ubishi huweza kupitishwa papo hapo bila mjadala, lakini kwa sharti kwamba asiwepo hata mmoja anayepinga. Mjumbe mmoja tu akisema hapana, hoja hurudi kwenye foleni ya kujadiliwa.

Kura huanza kwa sauti, wanaoafiki waseme ndiyo na wasioafiki waseme siyo. Rais husema anaona upande upi umeshinda. Upande mwingine ukikataa, kengele hulia jengo zima na wajumbe huja mbio kutoka maktaba, ofisini na kwenye chai. Kisha milango hufungwa. Wa "ndiyo" hukaa kuume kwa Rais na wa "siyo" kushoto, wahesabu kura huhesabu vichwa, na jina la kila mmoja huandikwa. Hakuna kujificha nyuma ya kelele. Rais mwenyewe hapigi kura isipokuwa pande mbili zikilingana.

Yaliyoamuliwa huandikwa katika kumbukumbu za Baraza, na yaliyosemwa huandikwa katika Hansadi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Mtu aweza kusema kwa saa nzima akajaza Hansadi, na asiache hata mstari mmoja katika kumbukumbu za maamuzi. Mwenzake aliyesema maneno kumi katika hoja iliyopita anaweza kuwa ndiye aliyeibadili nchi. Vijana wa Chama cha Midahalo wa leo, haya yanawahusu.

Siku hufungwa kwa hoja ya kuahirisha kikao. Hapo wajumbe kadhaa hupewa dakika 5 kila mmoja kusema jambo lolote lililo moyoni, iwe hospitali ya kijijini kwao au mzee maarufu aliyefariki.

KANUNI MIKONONI MWA WENYE NACHO

Msije mkadhani kwamba kanuni hizi siku zote zilimlinda mnyonge. Kwa miaka mingi Baraza hili lilikuwa ngome ya wenye mashamba makubwa na wafanyabiashara wakubwa.

Mwaka 1861 waziri mmoja aitwaye John Robertson alileta miswada ya ardhi, ili mtu wa kawaida aweze kujichagulia shamba la ekari 40 hadi 320 kwa bei ya pauni 1 kwa ekari. Wafugaji wakubwa, waliokuwa wakitumia maeneo mapana kwa malisho, waliona mkate wao unakatwa. Baraza la Chini lilikubali na Baraza la Juu likakataa. Ndipo serikali ya Charles Cowper ilipomshauri Gavana ateue wajumbe wapya 21 waende kuwashinda wapinzani kwa wingi wa kura.

Tarehe 10 Mei 1861 wajumbe hao wapya walifika ili waapishwe. Rais wa Baraza, Sir William Burton, aliyewahi kuwa jaji, aliona jambo hilo ni dharau kwa Baraza. Alijiuzulu palepale akatoka nje, na wajumbe wengi wakamfuata. Bila Rais hapakuwa na wa kuendesha kikao. Wajumbe wapya 21 walibaki ukumbini kama bwana harusi aliyekimbiwa na walii. Muda wa Baraza lile la kwanza ulikuwa umebakiza siku chache tu kwisha, na ukaisha. Baraza jipya liliundwa, safari hii wajumbe wakiteuliwa kwa maisha yao yote, na miswada ya Robertson ikapita mwaka huohuo.

Katika ugomvi huo wote wa nani agawiwe ardhi, hakuna upande uliowauliza wenyeji wa asili, ambao ardhi ilikuwa yao kabla ya meli ya kwanza ya Waingereza kutia nanga mwaka 1788. Kanuni husikiliza waliomo ukumbini. Hilo nalo ni funzo.

BARAZA LILILOKATAA KUFA

Si ajabu basi kwamba chama cha wafanyakazi, Labor, kilipopata nguvu kiliapa kulifuta Baraza la Juu. Katika jimbo jirani la Queensland kilifaulu. Wananchi wa huko walikataa ufutaji katika kura ya maoni ya mwaka 1917, lakini serikali ilipata nafasi ya kuteua wajumbe wapya wa kutosha, na Oktoba 1921 wajumbe hao walipiga kura ya kujifuta wenyewe. Watu wakawapa jina la kikosi cha kujiua. Sheria ilianza kutumika Machi 1922, na Queensland imekuwa na nyumba moja tangu siku hiyo.

New South Wales ikajaribu njia hiyohiyo. Waziri Mkuu wa jimbo, Jack Lang, alimbana Gavana mpaka Desemba 1925 wakateuliwa wajumbe 25 wapya, kwa kazi moja tu ya kupitisha muswada wa kulifuta Baraza. Lakini mtu akishakalishwa kwenye kiti chekundu chenye mto laini, kiti nacho humsemesha. Mwaka 1926 muswada ulipoletwa, baadhi ya watu wa chama chake Lang hawakuuunga mkono, nao ukaanguka.

Wapinzani wake waliposhika serikali, mwaka 1929 waliingiza katika Sheria ya Katiba kifungu kilichosema kwamba Baraza la Juu halitafutwa mpaka wananchi wakubali kwa kura ya maoni. Tena, kwa ujanja wa kisheria, walisema kifungu hicho chenyewe nacho hakifutwi ila kwa njia hiyohiyo. Walikifunga mlango kisha wakaufungia na ufunguo ndani.

Lang alirudi madarakani mwaka 1930. Miswada miwili, mmoja wa kukiondoa kifungu na mwingine wa kulifuta Baraza, ilipita mabaraza yote mawili bila wananchi kuulizwa. Wajumbe wawili wa Baraza, Arthur Trethowan na Thomas Playfair, walikwenda mahakamani kuomba miswada isipelekwe kwa Gavana kutiwa sahihi. Mahakama ya jimbo ilikubaliana nao. Mahakama Kuu ya Australia ikakubaliana nao mwaka 1931. Mwaka 1932 rufani ya mwisho ilisikilizwa London na majaji wa Baraza la Mfalme, na hao pia walisema ahadi iliyowekwa kisheria kwamba wananchi wataulizwa lazima itimizwe. Kufikia wakati huo Lang alikuwa amekwisha kuachishwa kazi na Gavana Sir Philip Game, tarehe 13 Mei 1932, katika ugomvi mwingine wa fedha na madeni.

Nataka tuwe waadilifu hapa. Lang alikuwa na haki ya kuuliza kwa nini watu walioteuliwa maisha, wasiochaguliwa na yeyote, wawe na uwezo wa kuzuia matakwa ya waliochaguliwa. Kosa lake lilikuwa kutaka kulijibu swali hilo bila kuwauliza wenye swali. Tena katika utawala wake huohuo, mwaka 1931, ndipo wanawake wa kwanza, Catherine Green na Ellen Webster, walipoingia katika Baraza hilo.

Mageuzi yalikuja polepole. Tangu mwaka 1934 wajumbe walichaguliwa na wabunge wa mabaraza yote mawili badala ya kuteuliwa. Mwaka 1961 wananchi waliulizwa kama Baraza lifutwe, wakasema hapana. Mwaka 1978 waliulizwa kama wao wenyewe wawe wanawachagua wajumbe wake moja kwa moja, wakasema ndiyo kwa wingi mkubwa. Tangu mwaka 1991 wajumbe ni 42, na nusu yao huchaguliwa kila miaka minne. Kwa kuwa kura huhesabiwa kwa jimbo zima kwa uwiano, vyama vidogo hupata viti. Mwaka 1999 walijitokeza wagombea 264 katika makundi 81, hata karatasi ya kura ikawa na urefu wa mita 1 na upana wa sentimita 70, na watu wakaiita kitambaa cha meza. Na tangu mwaka 1988 hakuna serikali iliyopata wingi wa viti peke yake katika Baraza hilo. Hapo ndipo hoja zilipopata meno.

TAREHE 2 MEI 1996

Tangu mwaka 1856 Baraza lilikuwa na desturi ya kupitisha hoja ya kuiamuru serikali ilete karatasi fulani: mikataba, ripoti, barua za maofisa. Katika karne ya 20 desturi hiyo ilififia kwa miongo mingi, kama jembe lililosahauliwa darini. Katika miaka ya 1990 wajumbe walilishusha.

Walitaka karatasi zilizohusu mambo kadhaa, miongoni mwao mgodi wa dhahabu uliopendekezwa katika Ziwa Cowal, na uwanja wa maonyesho wa Sydney ambao ulikuwa unageuzwa kuwa mahali pa kutengenezea filamu. Hoja zilitolewa kwa taarifa, zikajadiliwa, zikapigiwa kura, zikapita. Aliyetakiwa kuzileta ni Michael Egan, Waziri wa Fedha, aliyekuwa pia kiongozi wa shughuli za serikali katika Baraza hilo. Serikali yake ilikuwa imeamua kwamba mawaziri wasitii amri za namna hiyo. Egan akakataa.

Tarehe 2 Mei 1996 Baraza lilipitisha hoja kwamba waziri huyo amelidharau, na kwamba asimamishwe kwa siku nzima iliyobaki. Egan hakuondoka kitini kwa hiari. Ndipo Rais wa Baraza, Max Willis, alipomwagiza Mshika Fimbo Nyeusi amtoe. Waziri wa Fedha wa jimbo kubwa kuliko yote nchini kwa idadi ya watu alisindikizwa kutoka ukumbini, akapitishwa mlangoni, akaachwa kando ya barabara ya Macquarie pamoja na wapita njia.

Egan alishtaki, akidai kwamba Baraza halina uwezo wa kumwamuru waziri alete karatasi, wala wa kumtoa. Mahakama ya Rufani ya jimbo ilitoa hukumu mwaka huohuo, na hukumu hiyo inafaa kusomwa na kila mtu anayependa haki, kwa sababu ilimpa kila mmoja alichostahili. Baraza lina uwezo wa kudai karatasi za serikali. Lina uwezo wa kumsimamisha mjumbe anayekataa na kumtoa ukumbini. Lakini halikuwa na uwezo wa kumsukuma mpaka barabarani, nje ya eneo la Bunge. Hapo Baraza lilivuka mpaka, na Egan alikuwa amekosewa haki yake. Hata mshindi alionyeshwa mahali ushindi wake unapokoma.

Tarehe 19 Novemba 1998 Mahakama Kuu ya Australia ililithibitisha Baraza. Hoja ya majaji wengi, kwa maneno yangu, ilikuwa hii: serikali inayowajibika hutoa hesabu bungeni, na bunge haliwezi kupokea hesabu ya kitu ambacho halikuonyeshwa. Kwa hiyo uwezo wa kudai karatasi ni wa lazima kwa kazi ya Baraza.

Siku chache baadaye Egan alisimamishwa tena. Safari hii kisa kilikuwa maji ya kunywa. Katika mwaka huo wa 1998, kati ya Julai na Septemba, wakazi wa Sydney walikuwa wametangaziwa kuchemsha maji kwa sababu ya vijidudu vilivyoonekana katika mfumo wa maji ya mji. Baraza lilitaka karatasi zote, na serikali ilizuia baadhi ikidai ni siri za kisheria. Mwezi Juni 1999 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba hata karatasi zenye ushauri wa wanasheria wa serikali zaweza kudaiwa. Zilizobaki nje ni zile ambazo zingefichua mashauriano ya baraza la mawaziri.

Tangu hapo amri hizo zimekuwa shughuli za kawaida, na zimetolewa kwa mamia. Hoja hupita, karatasi hufikishwa kwa Katibu ndani ya siku zilizotajwa, na zisizo na siri huwa wazi kwa umma. Serikali ikidai kwamba nyingine ni siri, wajumbe peke yao ndio huruhusiwa kuzitazama. Mjumbe akibisha dai hilo, mwanasheria asiye na upande, mara nyingi jaji mstaafu, huzisoma na kulishauri Baraza. Hakuna tena anayesindikizwa barabarani. Kilichoanza kwa kusukumana kimekuwa ratiba.

FUNZO

Wahitimu wenzangu, nini tunachopata katika habari hii ya mbali? Kanuni ni kama panga, halina chama. Mwaka 1861 lilikuwa mikononi mwa wenye mifugo. Miaka ya 1930 liliwalinda wateule wa maisha. Mwaka 1996 lilikata njia ya watu kujua mambo ya mji wao. Panga halikubadilika sana. Kilichobadilika ni kwamba baada ya mwaka 1978 mikono iliyolishika ilikuwa imechaguliwa na wananchi, tena hakuna mkono mmoja uliotosha kulibeba peke yake. Kanuni bila uchaguzi huwa ngome ya wachache. Na uchaguzi bila kanuni, ushindi ukishapatikana, huacha wengi wakipiga kelele bila kujua kilichoandikwa katika karatasi.

Sasa daftari la sukari. Yule mtoto wa kidato cha pili alipata mtu wa kumuunga mkono, mmoja tu, kisha wawili, kisha tukaona haya tukanyoosha mikono. Hoja ilipita. Baada ya wiki mbili daftari lilisomwa mbele yetu, ukurasa kwa ukurasa. Magunia mawili yalikuwa yamelowa mvua ghalani na kuharibika, na mgawo ulikuwa umepunguzwa ili sukari ifike mwisho wa muhula. Kiranja wa chakula hakuwa ameuza hata kijiko. Kwa miezi miwili tulikuwa tumemwita mwizi nyuma ya mgongo wake, na kumbe karatasi iliyoweza kumsafisha ilikuwa kabatini, hatua 20 kutoka pale tulipokuwa tunamteta.

Aliyelia siku ile hakuwa mtoa hoja. Alikuwa kiranja.

Ndiyo maana nasema kudai karatasi si kumtukana mkubwa. Mkubwa mwadilifu ndiye mtu wa kwanza kufaidika zinaposomwa. Vijana, mtakapokuwa wajumbe wa kamati ya kijiji, ya chama cha ushirika, ya msikiti, ya kanisa, au ya Bunge lenyewe, msianze na kelele. Toeni taarifa, iandikwe. Toeni hoja, itafuteni kura. Na mkishinda, kumbukeni mlango wa ukumbi uko wapi, msije mkamsukuma mtu hadi barabarani.

Mheshimiwa Mhariri, naomba kutoa hoja.